Pumzi Kabla ya Kila Mstari

Watu wa bendi walikuwa na mchezo wao na Kiitikio. Ukimuuliza, "Unakunywa chai au maji?" anajibu, "Maji." Subiri kidogo, mgeuzie: "Maji au chai?" anajibu, "Chai." Mpiga besi ndiye aliyeugundua mchezo huo, na tangu hapo kila mgeni aliyejiunga na bendi alionyeshwa, kama mtu anavyoonyeshwa choo kilipo. Walicheka hadi wakashika mbavu. Kiitikio naye alicheka nao, maana kuna wakati hiyo ndiyo njia pekee ya kupunguza kuchekwa, kisha akanywa alichopewa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuucheza mchezo huo, naye ni dada yake. "Mwacheni mdogo wangu," aliwakemea. "Anajua anachotaka kuliko nyie nyote mkichanganywa kwenye sufuria moja."

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilikuwa limelala tu kwenye kitambulisho. Mtaani, ukumbini, hata kwa mwenye nyumba, aliitwa Kiitikio kwa sababu ya kazi yake. Dada yake mkubwa, ambaye mji mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi alivyojaliwa mdomo, aliimba mbele. Yeye alisimama nyuma, karibu na ngoma, akidaka mwisho wa kila mstari na kuurudisha. Chiriku akiimba, "Umeniacha, mpenzi, njia panda," yeye anarudisha, "Njia panda." Usidhani ni kazi rahisi. Mwitikiaji mbovu huingia mapema akamkanyaga mwenzake, au huchelewa wimbo ukapoa kama uji. Kiitikio hakuwahi kumkanyaga mtu. Wakati dada yake anaimba, yeye alivuta pumzi taratibu, akaishika, akaiachia pale pale panapotakiwa. Kwenye harusi walikoalikwa, watu waliofumba macho waliapa kwamba anayeimba ni mtu mmoja.

Na nje ya ukumbi mambo yalikuwa yale yale. Wakienda hospitali, daktari akiuliza, "Unasumbuliwa na nini?" Chiriku alijibu, "Tumbo, daktari, tangu juzi, na jana hakugusa chakula." Ubaya ni kwamba kweli lilikuwa tumbo. Ungeanzia wapi kulalamika? Dukani Chiriku alimchagulia viatu, na viatu vikamkaa. Simu ikiita, Chiriku alipokea. Mwanamume akijitokeza kumpenda Kiitikio, Chiriku alimhoji mpaka akasahau alichofuata.

Lakini haki ya mtu apewe mwenyewe. Mama yao alipofariki, Kiitikio alikuwa bado anatambaa, na Chiriku alikuwa msichana wa shule. Shule akaiacha siku hiyo hiyo. Alimbeba mdogo wake mgongoni akaenda naye kwenye kila ukumbi uliomkubali, akamlaza ndani ya sanduku la ngoma lililotandikwa kanga, akapanda jukwaani huku jicho moja liko kwa watu na jingine liko sandukuni. Baadaye aliolewa. Mume akamwambia achague, yeye au huyo mtoto. Chiriku alimfungia mume virago. Kisa hicho alikihadithia huku anacheka, na kila alipokihadithia, Kiitikio alijisikia mkosaji. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kuwa umechoka kusimama nyuma yake? Wahenga wamesema fadhila ya punda ni mateke, na Kiitikio hakutaka kuwa punda.

Basi akanyamaza, mpaka siku ile ya redio.

Alikuwa anapiga pasi magauni ya jukwaani, Chiriku ametoka. Redioni mwalimu mmoja alikuwa anasimulia hadithi za Wagiriki wa kale. Kiitikio hakuwa anasikiliza sana, ila mwalimu alifika kwa msichana mmoja wa milimani, msemaji kweli kweli, aliyemkera malkia wa miungu kwa maneno yake. Malkia akamwadhibu. Tangu leo, akamwambia, hutaanza wewe kusema. Utangoja wenzako waseme, nawe utarudia maneno yao ya mwisho. Msichana akampenda kijana mmoja, akashindwa hata kumwambia "karibu" mpaka kijana aseme kwanza. Kijana akamdharau. Binti akakonda, akakonda, mwili ukaisha, ikabaki sauti inayojibu wapita njia.

Kiitikio alishtushwa na harufu ya kitambaa kinachoungua. Pasi ilikuwa imekaa juu ya gauni la kijani. Hakuliondolea macho lile doa la kahawia, na alichohisi si woga wa kugombezwa. Alihisi kama mtu aliyetajwa jina lake mbele ya watu.

Wiki nzima msichana yule hakumtoka. Kilichomuudhi zaidi ni ule mwisho. Kwa nini akonde tu? Mtu anayelazimika kurudia maneno ya wenzake, afanye nini ili aseme lake? Alilitafakari swali hilo akifua, akalitafakari akikata vitunguu. Jibu likamjia yuko kwenye ngazi na ndoo ya maji: aende mahali ambapo hakuna aliyesema. Apande mlima peke yake. Pasipo na neno la mtu, hakuna cha kurudia, na hapo hata miungu haina la kumfanya. Akaweka ndoo chini, akaimba kwa sauti ndogo, palepale kwenye ngazi:

Leo kimya mlimani,
hapana aliyeita;
neno langu li kinywani,
langu, sikuliokota.

Ulikuwa wimbo wake wa kwanza. Beti nyingine zilifuata siku baada ya siku, naye alizihifadhi kichwani, mahali ambapo Chiriku hakuwa na ufunguo.

Haukupita muda, bahati ikamtembelea. Walikuwa wamemaliza kuimba kwenye sherehe ya mchana, wenzake wako mezani wanakula, yeye anakunja nyaya. Akadhani yuko peke yake, akaanza kuuimba wimbo wake chini chini. Nyuma yake akatokea mwanamume wa makamo aliyevaa tai, mgeni mwalikwa, meneja wa hoteli ya mji wa pili.

"Kumbe wewe ndiye mwenye sauti," akamwambia. "Natafuta mtu wa kuimba peke yake, jioni, wageni wakila. Sitaki bendi wala kelele. Chumba cha kulala kipo, kule nyuma ya bustani. Nitumie wimbo mmoja, sauti yako tu, nisikie ukiwa peke yako."

"Peke yako," alisema Kiitikio.

"Ndiyo, wewe," meneja akacheka, akamwachia namba yake.

Tangu siku hiyo Kiitikio aliishi ndani ya chumba ambacho hakuwahi kukiona. Alikitia kitanda, akakitia dirisha. Zaidi ya vyote, alikitia mlango wenye ufunguo mmoja, na huo ufunguo uko mfukoni mwake. Asubuhi anaamka, hakuna aliyesema lolote bado, na neno la kwanza la siku analitamka yeye. Hata kama ni kumwambia paka "toka", linakuwa lake. Alilitamani jambo hilo mpaka likamuuma kifuani.

Siku Chiriku alipokwenda saluni, ambako kwa kawaida hukaa mpaka wengine wote wameshasukwa na habari zote zimekwisha, Kiitikio alipiga moyo konde akaenda studio.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la kutengeneza simu, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni limening'inizwa godoro kuzuia kelele za mtaani. Fundi wake waliyemwita Masikio aliwarekodi wale ndugu wawili miaka yote, na walikuwa na utaratibu wao. Chiriku hakuvumilia kukaa kwenye joto lile akisubiri. Kwa hiyo Kiitikio alitangulia, akaweka viitikio vyote peke yake, akiacha nafasi kabla ya kila kimoja. Mstari wa dada yake aliuimba kimoyomoyo, ukiisha, anaitikia. Kesho yake Chiriku aliingia kama upepo, akazijaza nafasi zile, akatoka. Hakuna bendi nyingine pale mjini iliyofanya hivyo, ila wao iliwaendea vizuri.

"Leo nimekuja peke yangu," Kiitikio alimwambia Masikio.

"Kwani siku nyingine huja na nani?" Masikio alijibu huku anachomeka waya. "Wimbo wa nani huu?"

"Huu... wangu."

"Hongera zako! Haya, vaa hedifoni."

Alipaswa kumweleza hapo. Maneno yalikuwepo: hakuna mwingine atakayeingia, sauti ni yangu tu. Lakini Masikio alikuwa ameshageuka, muziki aliokuwa nao tayari kwenye mashine umeshaanza, gitaa taratibu na mdundo wa mbali. Kiitikio alifumba macho. Akaimba. Akaupanda mlima wote, ubeti kwa ubeti, na alipofika kileleni machozi yalikuwa yanamtiririka. Hakuwahi kuimba vile maishani mwake. Akavua hedifoni, akampa Masikio namba ya meneja, akamwambia, "Ukishaukamilisha, umtumie huyu."

"Ondoa shaka," alisema Masikio, na kweli hakuwa mtu wa kusahau.

Siku mbili zilizofuata Chiriku alimtazama mdogo wake kwa tabasamu la ajabu ajabu, mara akambana shavu, mara akamwongezea kipande cha nyama. Kiitikio alidhani ni nywele mpya zimempa dada yake furaha. Hakujua.

Alikuwa anatoka kununua sabuni alipousikia. Masikio alikuwa na kawaida ya kutoa spika nje ya duka na kuupigia mtaa nyimbo mpya. Gitaa lile likaanza, taratibu, na mdundo wa mbali. Kiitikio alisimama katikati ya njia, mwendesha baiskeli akampigia kengele. Wimbo wangu, alijiambia. Mtaa mzima unausikia wimbo wangu.

Kisha Chiriku akaimba.

"Mdogo wangu niitikie, leo kimya mlimani..." Ndipo sauti yake mwenyewe ikafuata, kwa nyuma: "Leo kimya mlimani."

"Ila mimi dada yako, hapana aliyeita..." "Hapana aliyeita."

"Fungua nikusikie, neno langu li kinywani..." "Neno langu li kinywani."

Sabuni ilimponyoka mkononi. Na nitasema ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe aliukiri palepale barabarani: ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko alivyouwaza yeye. Muuza magazeti alikuwa anatikisa kichwa, mama mmoja mwenye kikapu alisimama kusikiliza. Hilo ndilo lililommaliza.

Aliingia dukani. Masikio akampokea kwa kicheko.

"Umeusikia? Juzi dada yako kapita kuchukua waya wake, nikamsikilizisha. Mwanamke alilia! Kasema, huyu mtoto kaniandikia wimbo hata hajaniambia. Akaingia akazijaza nafasi, hakurudia hata mara moja."

"Nafasi gani?"

"Si hizi ulizoacha?"

Akambonyezea sauti yake tupu, kama alivyoiacha siku ile. Kiitikio alisikiliza. Muziki ukaanza, halafu kimya. Kimya kirefu cha kumtosha mtu kuimba mstari mzima. Mwisho wa kimya, pumzi moja ndogo, kisha sauti yake: "Leo kimya mlimani." Tena kimya. Tena pumzi. "Hapana aliyeita." Ilikuwa hivyo mpaka mwisho wa wimbo, hakuna mstari hata mmoja alioanza mwenyewe.

Yeye hakukisikia kimya kile alipokuwa anaimba. Masikioni mwake hakikuwepo. Kabla ya kila mstari alisikia mtu anaimba, akangoja kwa adabu mpaka amalize, na sasa alijua ni nani. Alikuwa amepanda mlima wake wa upweke akiwa amemfuata dada yake nyuma, hatua kwa hatua. Hapakuwa na mwizi. Angekuwepo mwizi, angalau angepata wa kumchukia.

"Nataka kurudia," akasema. "Peke yangu. Bila nafasi."

Masikio alimtazama, akaona jambo si la mzaha, akamvalisha hedifoni. Gitaa likaanza. Sasa, Kiitikio alijiambia, sasa. Akafungua mdomo. Koo likakataa. Likangoja, kama mlango unavyomngoja mwenye nyumba, na lilipokubali, mstari ulikuwa umechelewa.

"Bado unaacha," alisema Masikio kwa upole.

Akajaribu tena, amekunja ngumi. Bado. Akajaribu kwa kumwomba Masikio amnyooshee kidole pa kuingilia. Kidole kikashuka, yeye akavuta pumzi, akaishika, na kuiachia hakuweza mpaka yule mtu asiyekuwepo amalize kuimba. Mara ya nne alivua hedifoni mwenyewe. Dukani mteja alikuwa anaita kuhusu simu iliyoingia maji.

"Na ule wa meneja?" aliuliza pale mlangoni.

"Nilishamtumia. Si umekamilika?"

Chiriku alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida yake. Kiitikio alikuwa ameketi kitandani, kile kimoja walicholala wote wawili. Chiriku hakuingia na kelele. Alivua viatu, akavipanga vizuri, jambo ambalo halikuwa kawaida yake kabisa, akaketi kwenye kigoda mbele ya mdogo wake.

"Meneja wa hoteli kanipigia," akasema. "Masikio kampa namba yangu. Wimbo kaupenda. Anaitaka hiyo sauti ya mbele. Nikamwambia tuko wawili, akasema basi mje wawili. Halafu akaniambia jambo. Akasema ajuavyo yeye, aliyeitaka kazi ni yule wa nyuma. Na kwamba alitaka kuja peke yake. Eti ni kweli?"

"Kweli," alisema Kiitikio.

Chiriku aliinamisha kichwa. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kukosa la kusema alikaa akiitazama mikono yake, na Kiitikio aliona jinsi ilivyozeeka, akatamani ardhi ipasuke.

"Mimi nilikulea, sikukununua," Chiriku alisema hatimaye. "Nimekuwa nikikusemea kwa sababu ulikuwa mdogo, halafu nikasahau kuacha. Sikujua unaumia. Ukitaka kwenda, mizigo yako nitaifunga kwa mkono wangu. Meneja nitampigia nimwambie mwimbaji ni wewe. Mimi nitapata mtu wa kuniitikia, watu wapo. Ila leo useme wewe. Sitakusemea. Utakalosema ndilo, wala sitakuuliza mara ya pili. Niambie, mama yangu. Unataka kwenda peke yako, au twende wote?"

Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeuzuia. Kiitikio alikiona chumba chake nyuma ya bustani, kitanda, dirisha, ufunguo. Neno lilikuwa kinywani, maneno mawili tu, peke yangu, alilionja hata ladha yake. Chiriku alimtazama machoni, akangoja, kama alivyowangoja mashabiki waitikie maishani mwake, akiwa na imani yote kwamba mdogo wake anajua anachotaka.

Kiitikio akavuta pumzi.

"Twende wote," akasema.

Chiriku alipiga yowe, akamrukia, akamkumbatia mpaka kitanda kikalia. "Nilijua! Mungu wangu, umenitisha wewe! Nilijua yule mwanamume amechanganya mambo!" Alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta pua kwa kiganja, akaanza kupanga: magauni yapi, masanduku yapi, lile la kijani lililoungua watalishonea ua juu ya doa. Kiitikio alibaki ameganda mikononi mwake. Lile neno lingine lilikuwa bado liko kinywani, zima, na sasa halikuwa na pa kwenda. Aseme nini? Kwamba ameulizwa kwa utaratibu usiofaa? Kwamba angegeuziwa swali tu, angekuwa mtu huru?

Chiriku alikwenda jikoni kuteleka chai, na kwa furaha akaanza kuuimba wimbo wao mpya. Sauti ilipita ukutani kama ukuta haupo.

"Ila mimi dada yako, hapana aliyeita..."

Akaacha nafasi. Kiitikio alibana midomo. Chumba kilikuwa kimya, na kimya hicho, kwa mara ya kwanza, kilikuwa kazi ya mikono yake. Alitaka aone kinaweza kudumu kiasi gani.

Jikoni sufuria iliwekwa chini. Chiriku akaurudia mstari tangu mwanzo, polepole na kwa upole, kama unavyomrudia mtu aliyesahau.

"Ila mimi dada yako, hapana aliyeita..."

"Hapana aliyeita," aliitikia Kiitikio, pale pale panapotakiwa.